Kiangazi cha Marehemu Pazi

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwa kuogopa, hasha. Ni kwamba sheria yake inamtaka kila anayelisikia jina hilo asimame wima, mkono wa kulia kifuani, nami najua wasomaji wangu wengine mmejilaza. Basi kaeni hivyo hivyo, niwasimulie.

Katika nchi hiyo aliishi mtu aitwaye Sudi Nganyagwa, Mkurugenzi wa Mavazi ya Msimu katika Wizara ya Utamaduni, Hali ya Hewa na Nidhamu. Kazi yake ilikuwa nzito. Yeye ndiye aliyetangaza siku ambayo wananchi wangeanza kusikia joto, na siku ambayo wangeruhusiwa kutetemeka kwa baridi. Mwaka mmoja alichelewa kutangaza, watu wakaloa jasho ndani ya masweta mpaka gazeti la serikali likawapongeza kwa subira. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, kalamu mbili mfukoni. Hakuna aliyemjua kwa tabia mbaya. Alikuwa nayo moja tu, na aliificha kama watu wanavyoficha kipara kwa kofia: alikuwa na wivu.

Si wivu wa cheo, wala wa gari. Alimwonea wivu mtu mmoja tu, ambaye hakuwa amemtia machoni tangu ujana wake, na ambaye hakujua hata yuko wapi.

Sasa, kiangazi kile Mheshimiwa Mlezi Mkuu wa Taifa alirudi kutoka ziara ya ng'ambo. Huko, alipokuwa akisubiri lifti ya hoteli, aliona ukutani picha za wachoraji wa kale: mashati mapana yaliyochafuka rangi, kofia za majani zilizokunjamana, vitambaa shingoni, miguu mitupu, na nyuso za watu wasiodaiwa ripoti na mtu yeyote. Mwenyeji wake akamweleza kwamba hao waliitwa wabohemia, na kwamba kule kila kiangazi watu wenye uwezo huhangaika sana ili wafanane na hao, ambao hawakuwa na uwezo wowote. Mlezi Mkuu akageuka nyuma, akauliza: "Sisi hatunao?"

Msafara mzima ukajibu kwa sauti moja: "Tunao, Mheshimiwa. Tena tele."

Hakuna hata mmoja aliyejua ni kitu gani. Kamati ikaundwa, ikazunguka wilaya za kaskazini kulitafuta kabila la Wabohemia, ikarudi na mbuzi wa zawadi na taarifa kwamba kabila hilo ni la watu wakarimu na linahitaji barabara. Ndipo mzee mmoja wa maktaba aliponong'ona kwamba si kabila, ni wasanii walioishi ovyo. Maktaba ikafungwa kwa ukarabati, na Waziri, Mheshimiwa Dokta Kokusima, mwanamke mwenye sauti kubwa na miwani midogo, akamwita Sudi ofisini kwake.

"Bwana Mkurugenzi," akasema, "kiangazi hiki taifa litavaa kwa kuwaiga wasanii wetu wa zamani walioishi ovyo. Niletee mmoja. Awe wa kwetu, awe aliishi ovyo kikwelikweli, na awe wa zamani."

"Wa zamani kiasi gani, Mheshimiwa?"

"Awe amekufa. Msanii aliye hai hana adabu. Ukimsifu leo, kesho anaomba kusema neno."

Haikuwa kazi rahisi. Nchi ilikuwa imewatunza wasanii wake vizuri mno. Baadhi walikuwa wameajiriwa kupaka chokaa kingo za barabara kila mgeni mkubwa anapokuja, na waliobaki walikuwa wakipumzika mahali penye ukuta mrefu. Hakuna aliyepata nafasi ya kuishi ovyo. Sudi alikuwa karibu kukata tamaa pale katibu wake, Bi Eliapenda, alipoinua kichwa kutoka kwenye mashine yake.

"Mama yangu alikuwa akimtaja mchoraji mmoja," akasema. "Anatembea pekupeku, shati lake lina kila rangi iliyoumbwa. Anachora kwenye kuta za watu bila kupiga hodi, na wenye kuta wanamfukuza huku wanacheka. Pazi Chengula."

Kalamu ilimponyoka Sudi mkononi. Huyo ndiye mtu wake wa wivu.

*

Walisoma pamoja, Sudi na Pazi, katika Chuo cha Sanaa na Unyenyekevu. Mtihani wa mwisho ulikuwa kumchora Mkuu wa Chuo, naye akaja mwenyewe akaketi mbele ya darasa, akajikohoza, akasinzia. Pazi akamchora vile vile alivyokuwa: mdomo wazi, kidevu kifuani, nzi akipima urefu wa pua. Sudi akamchora akiwa macho, akitazama mbali, kwenye mustakabali wa taifa. Sudi akapata daraja la kwanza. Pazi akapewa mpaka jua kuzama awe ameondoka.

Darasani mwao kulikuwa na msichana aitwaye Mashavu. Aliitazama picha ya Sudi akasema, "Nzuri." Kisha akaitazama ya Pazi, akacheka. Hakucheka kwa adabu. Alicheka kile kicheko cha kushika mbavu na kutafuta ukuta wa kuegemea, machozi yakamtoka, na kila alipojaribu kunyamaza alimkumbuka yule nzi, akaanza upya.

Sudi ndiye aliyemwoa Mashavu. Wakaishi vizuri, wala sitamsingizia mtu. Sudi alipotania, mkewe alimchekea, kama jirani anavyokurudishia bakuli na kitu kidogo ndani yake. Lakini kile cha kuegemea ukuta Sudi hakuwahi kukisikia tena, wala hakuwahi kusahau kimetoka kwa nani. Wivu ule ulimla kimyakimya kama mchwa kwenye mlango: nje rangi inang'aa, ndani ni unga mtupu.

Siku aliyopeleka jina la Pazi kwa Waziri, alilipeleka kwa sababu hakuwa na jina lingine. Waziri akafurahi.

"Pekupeku! Shati chafu! Anafukuzwa! Huyu ndiye. Ni marehemu, sivyo?"

Sudi hakujua. Angeweza kusema, Mheshimiwa, nitafuatilia. Badala yake ulimjia moyoni ule ukuta, na Mashavu ameuegemea.

"Ni marehemu, Mheshimiwa," akasema. "Marehemu wa siku nyingi."

Akatoka ofisini akijisikia mwepesi. Kumbe kumuua mtu si kazi kubwa, ukiwa na cheo kinachofaa.

*

Furaha yake haikufika Ijumaa. Sudi alikuwa amesahau jambo ambalo kila mjane wa mume mlevi analijua: mtu akishakufa, aibu zake huzikwa naye, na sifa zake hukaa kwenye mkeka pamoja na waombolezaji.

Redio ilimsifu Pazi asubuhi, mchana na kabla ya taarifa ya mifugo. Kanga zikatoka, zimeandikwa PAZI UMETUTANGULIA KWA MTINDO. Idara ya Viwango vya Uovyo ikaanzishwa ili wananchi wasiishi ovyo kiholela. Viraka viwe gotini, si kwingineko. Madoa ya rangi yakaguliwe na yapigwe muhuri. Kofia ikunjamane upande wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ni wa jeshi. Nywele zisichanwe, isipokuwa kwa kibali. Polisi wakazagaa mitaani kuhakikisha furaha. Wakikuona umenuna wanakusimamisha.

"Mbona umekunja uso, bwana? Hiki ni kiangazi cha kutojali. Jiachie!"

"Najiachia, afande."

"Jiachie zaidi!"

Mwalimu mmoja wa hesabu alilala mahabusu kwa kupiga suruali pasi.

Nyumbani kwa Sudi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mashavu alipozisikia habari redioni alikaa chini pale pale jikoni, mwiko mkononi, akalia. Asubuhi yake Sudi alipotoka kuoga alimkuta mkewe amesimama mbele ya kioo amevaa shati pana la kiume, limepauka, rangi zimetapakaa kuanzia kola mpaka pindo.

"Hilo limetoka wapi?"

"Sandukuni."

"La nani?"

"La marehemu. Alilisahau kwenye kamba ya kuanikia siku aliyofukuzwa chuo. Nikaona nisilitupe."

"Miaka yote hii?"

"Shati halili chakula, Sudi."

"Livue."

Mashavu akageuka akamtazama kwa upole. "Mume wangu, waraka unasemaje? Kila raia mwenye nguo halisi ya marehemu Pazi anaamriwa aivae hadharani kwa fahari. Si nimeusikia redioni jana? Na sahihi ni yako."

 Ilikuwa kweli. Sudi aliuandika ule waraka akidhani nguo halisi hazipo. Sasa alikuwa mume pekee katika historia ya nchi ile aliyemwamuru mkewe, kwa muhuri wa serikali, avae shati la mwanamume mwingine.

"Alikufaje?" Mashavu akauliza, akijifuta macho kwa mkono wa shati.

Sudi akafikiri haraka. Alitaka kifo kidogo, kisicho na heshima.

"Aliteleza kwenye ganda la ndizi."

Alikirudia kifo hicho wizarani, kikaingia kwa wahariri, wakakitazama wakakiona hakilingani na hadhi ya taifa. Ilipofika jioni redio ilitangaza kwamba Pazi Chengula alikuwa akichora juu ya mlima, akarudi nyuma hatua kidogo ili autazame uzuri wa picha yake, akarudi tena, na nyuma yake kulikuwa na korongo. Nchi nzima ililia. Mashavu alilia kuliko nchi.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema kwa kwikwi. "Kweli kabisa, ndivyo alivyokuwa."

Sudi akajaribu njia nyingine. Akaamua kumshinda marehemu kwa silaha zake mwenyewe. Akaacha kuchana nywele. Akafungua vifungo viwili vya shati, kisha kwa ujasiri, cha tatu. Akatembea pekupeku uani mpaka sakafu ya saruji iliyochomwa na jua la saa saba ikamrukisha kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Akaegemea mlango wa jiko, akatazama mbali.

"Mashavu," akasema kwa sauti nzito, "maisha ni nini?"

Mkewe akaja akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Una homa?"

*

Jumatatu iliyofuata Bi Eliapenda aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Bosi, kuna mtu amekamatwa getini. Suti nyeusi, tai, viatu vinang'aa mpaka askari amejiona meno. Wamemshika kwa kosa la unadhifu. Sasa anasema yeye ndiye Pazi Chengula."

Sudi akashuka ngazi mbili mbili. Katika kibanda cha walinzi aliketi mwanamume mnene, kichwa kinameta, kitambi kimejaa ndani ya koti kama mtoto mgongoni. Alipomwona Sudi alisimama, akafungua mikono.

"Sudi! Ndugu yangu! Mbona umekonda hivi? Na viatu vyako viko wapi?"

Sudi akajitazama. Alikuwa amevaa sare ya msimu: viraka gotini, kofia ya majani, nyayo zimepasuka.

"Pazi," akasema. 

"Mimi mwenyewe. Nimesafiri kutoka mpakani, huko ndiko niliko. Naandika vibao. Kinyozi, bucha, Hapa Supu, Usikojoe Hapa. Nilikuwa nimetulia kabisa mpaka redio iliponiua." Akaketi tena, akavuta suruali magotini isije ikapoteza mkunjo. "Mwenye bucha amenikatalia kazi, anasema maandishi ya maiti yatamfukuzia wateja. Mwenye nyumba amenisomea dua, akafunga chumba, akaweka mpangaji mwingine. Nikimsalimia mtu njiani anakimbia."

"Lakini... suti?"

"Suti imefanya nini?"

"Wewe ulikuwa hujali. Pekupeku. Lile shati."

Pazi akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Sudi, nilitembea pekupeku kwa sababu sikuwa na viatu. Miiba ya nchi hii huijui? Na shati lilikuwa moja. Ningefutia brashi wapi, kwenye shuka la chuo? Siku nilipopata kibarua cha kwanza cha maana nilinunua hivi viatu, na sijavivua ila kitandani."

Hapo ndipo Sudi alipoanza kumkagua. Kitambi. Kipara. Kidole chenye pete ya bati. Namna alivyokohoa na kumeza. Wivu uliomla majuma yote ukalegea, na mahali pake pakaingia wazo tamu kama tende. Marehemu wa Mashavu alikuwa kijana mwembamba juu ya mlima. Akimwona huyu je? Si atazikwa siku hiyo hiyo, na shati lake likawa kitambaa cha kufutia vumbi?

"Mwachieni," akawaambia walinzi. "Ni mgeni wangu. Pazi, twende nyumbani ukale chakula cha mchana."

*

Mashavu alifungua mlango. Akamtazama yule mtu mnene. Akamtazama sana. Kisha akamtazama mumewe, viraka gotini, kofia imeanguka upande wa kushoto kwa mujibu wa kanuni, kisha akarudi kwenye ile suti nyeusi na vile viatu vya kung'aa.

Kikaanzia mabegani. Sudi alikitambua kabla hakijatoka. Mashavu akaushika mlango, mlango haukutosha, akatafuta ukuta, akauegemea, akacheka mpaka kiganja chake kikawa kinapiga plasta. Pazi naye akashikwa na kicheko, kitambi kikatikisika. Sudi akaenda kufunga madirisha, majirani wasije wakadhani ni furaha isiyo na kibali.

Mashavu alipopata pumzi, uso wake ukabadilika.

"Kumbe yu hai," akamwambia Sudi. "Na wewe uliketi pale ukanitazama nikilia. Ukanipa na ganda la ndizi."

"Wizara ilikuwa na taarifa..."

"Wizara haikuoa, Sudi. Mimi niliolewa na wewe."

Walikula wali na samaki wa nazi. Kichwa cha samaki, ambacho katika nyumba ile kilikuwa na mwenyewe, kilitua kwenye sahani ya mgeni. Sudi alikiona kikipita. Alitafuna mkia akisikiliza wenzake wakiongea habari za yule Mkuu wa Chuo.

"Uliwahi kuoa?" Mashavu akauliza.

"Nilichelewa, shemeji," Pazi akajibu, akiinamia mfupa.

Akalisema lile neno shemeji kwa heshima zote. Sudi angependelea amtaje Mashavu kwa jina tu.

Baada ya kunawa mikono, Sudi akajikohoza. "Pazi, ndugu yangu, nina ombi. Kaa umekufa kidogo. Mpaka mvua za kwanza tu. Mlezi Mkuu mwenyewe amekulilia redioni. Jumamosi anazindua sanamu yako. Ukijitokeza sasa utamfanya nani mwongo?"

Pazi akalifikiria jambo lile kwa haki. "Sudi, nimekuwa maskini. Nimekuwa mlevi, nimekuwa mjinga. Hayo yote mtu huyazoea. Kufa sikuzoea." Akasimama, akapangusa makombo kwenye tai. "Nitaonana na Mlezi Mkuu mwenyewe Jumamosi. Atanisikiliza. Si ananipenda sana? Nimesikia kwa masikio yangu."

Alipoondoka kwenda kutafuta gesti, Mashavu alikusanya sahani bila kumtazama mumewe. Akazungumza mara moja tu, akiwa mlangoni.

"Unataka kumzuia kwa sababu ya serikali, au kwa sababu yangu?"

Sudi akachukua kofia. Akaenda ofisini, akatoa amri kwamba siku ya sherehe asiruhusiwe kuingia uwanjani mtu yeyote mwenye viatu.

*

Jumamosi Uwanja wa Utii ulijaa pomoni. Maelfu ya watu walijiachia kwa mistari iliyonyooka. Katikati ilisimama sanamu imefunikwa shuka, na kwenye jukwaa alikuwepo Mheshimiwa Mlezi Mkuu, shati lake limechafuliwa na mafundi bora, madoa yote yakiwa na umbo la ramani ya nchi. Sudi alisimama nyuma ya Waziri. Mashavu alikuwa viti vya wake wa wakurugenzi, amevaa lile shati.

"Ndugu wananchi," Mlezi Mkuu akaanza, "Mlezi Mkuu wenu amelala njaa kwa ajili ya sanaa. Amelala njaa kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, ili ajue alivyohisi Pazi. Na Mlezi Mkuu anawaambia: Pazi hakuhitaji viatu! Pazi hakuhitaji nyumba! Pazi hakulalamika! Kwa nini wewe unalalamika?"

Makofi yakapigwa kwa muda uliopangwa.

Yalipotulia, mtu mmoja mnene alitoka kwenye umati. Alikuwa pekupeku, kwa hiyo hakuna mlinzi aliyemjali. Koti amelikunja mkononi. Alitembea akichechemea kwenye kokoto mpaka mbele ya jukwaa, na hapo akaketi chini, akalikunjua koti, akatoa viatu viwili vyeusi. Akapangusa unyayo wa kulia, akavaa. Akapangusa wa kushoto, akavaa. Akafunga kamba zote mbili bila haraka, akavaa koti, akasimama.

"Mheshimiwa," akasema, "shikamoo. Nashukuru sana kwa sanamu. Mimi ndiye Pazi Chengula. Sijafa, nami naomba nirudishiwe chumba changu."

 Mlezi Mkuu akamwinamia Waziri. "Huyu amekufa au hajafa?"

"Kwa mujibu wa hotuba yako, Mheshimiwa, amekufa."

"Mwongo!" sauti ikapigwa kutoka nyuma. "Pazi gani ana viatu?" Mwingine akadakia: "Pazi gani ana kitambi?" Na wale wale waliomlilia wakaanza kumzomea, maana aliwaharibia msiba.

Mlezi Mkuu akainua mkono. "Mlezi Mkuu ni mtu wa haki. Yupo hapa anayemfahamu mtu huyu? Asimame aseme."

Hakuna aliyesimama. Wakaguzi wa viwango walitazama vidole vyao vya miguu. Pazi akageuza kichwa huku na huku, na jasho likaanza kumtiririka kipara chote. Askari wawili wakasogea.

Ndipo Mashavu akasimama.

"Ndiye," akasema.  "Nilisoma naye. Hili ni shati lake. Huyo ndiye Pazi Chengula, na yu hai kama mimi."

Pazi alimtazama kutoka kule chini.  Walitazamana tu, watu wawili katika uwanja wa maelfu, na wote waliobaki wakawa upande wa pili.

Sasa wapo watakaowaambia kwamba Sudi Nganyagwa aliguswa na ukweli siku ile, au kwamba dhamiri ilimsuta. Ningependa kuwaambia hivyo mimi pia. Lakini kilichomgusa ni kule kutazamana. Aliona kwamba askari watawachukua wale wawili, watawaweka mahali pamoja, na kuanzia siku ile mpaka mwisho wa maisha yao watakuwa na jambo moja kubwa walilolifanya wawili, jambo ambalo yeye hakuwemo. Kicheko kile kimoja cha darasani kilimtesa ujana wake wote. Hili lingemfanya nini?

"Ndiye!" Sudi akapiga kelele kabla hajajua kama amefungua mdomo. Akamsukuma Waziri pembeni, akaja mbele ya jukwaa. "Ndiye Pazi! Namjua kuliko mke wangu anavyomjua! Mimi ndiye niliyesema amekufa, nilidanganya!"

Mashavu akamgeukia mumewe. Kwa mara ya kwanza tangu chuo alimtazama kama mtu anayetazama picha asiyojua itaishaje.

Nisiwaache na wasiwasi juu ya yaliyofuata mahakamani. Pazi alishtakiwa kwa kuishi kinyume cha hotuba, Mashavu kwa kumtambua mtu bila kibali, na Sudi kwa kukubaliana na mkewe hadharani. Kesi ilikwama, maana maiti hashtakiki na aliye hai hakuwemo katika kumbukumbu. Mvua za kwanza ziliponyesha wakaachiwa wote watatu, kwa sharti kwamba haikuwahi kutokea. Pazi akarudi mpakani kuandika vibao kwa jina la mjomba wake. Cheo cha Sudi alipewa mtu mwingine, na kiangazi kilichofuata taifa likaambiwa livae kama wawindaji wa barafuni. Sanamu ilibaki palepale chini ya shuka lake, kwa kuwa hakuna aliyepewa ruhusa ya kulivuta.

Lakini Jumamosi ile, karandinga la polisi lilirudi nyuma mpaka kando ya jukwaa, na sajini akafungua mlango wa nyuma. Mashavu akapanda kwanza, akaketi kwenye benchi la mbao upande wa kulia, akakusanya pindo za lile shati magotini. Benchi la kushoto lilikuwa tupu. Pazi akafuata, akihema, akiangalia asiparuze viatu, akamwendea Mashavu, akawa anajishusha taratibu kando yake.

"Samahani, ndugu yangu," Sudi akasema nyuma yake.

Akapita chini ya mkono wa Pazi, pekupeku, kofia imemwanguka, akajipenyeza. Bega moja likagusa suti, la pili likagusa rangi kavu za zamani.

"Sudi," Mashavu akasema, "nafasi ipo tele upande ule."

"Naiona," Sudi akajibu, akakaa vizuri katikati.